Mshubiri Kwenye Kopo la Maziwa

Harufu ya mshubiri uliokatwa siifananishi na ya mmea mwingine wowote niujuao. Iko kati ya kitunguu kibichi na chuma kilicholowa mvua, na ikishaingia vidoleni haitoki kwa sabuni ya kwanza wala ya pili. Ijumaa iliyopita nilikuwa nimechuchumaa uani, chungu cha udongo kimepasuliwa na mizizi mbele yangu, mikono imejaa utomvu wa njano, mdogo wangu Athumani aliposimama mlangoni na funguo za lori mkononi.

"Dada, nipe jani moja niondoke. Rehema anamwachisha mtoto ziwa kuanzia leo."

"Salamu huna?"

"Shikamoo, dada. Jani."

Rehema ni mkewe. Mtoto wao ametimiza miaka miwili, na ukoo wetu bado unaachisha kwa njia ileile: jani la mshubiri linapasuliwa, utomvu wake unapakwa kwenye chuchu, mtoto anaonja uchungu, na yeye mwenyewe anaamua kwamba mambo yamebadilika. Siku hizi wauza sabuni wanauita aloevera na kuusifia kwa ngozi. Sisi tuliujua kwa kazi hiyo moja.

Nilimtazama Athumani. Ana mabega ya mtu anayepakia mifuko ya saruji, na tumbo linaloanza kumtangulia. "Kaa," nikamwambia. "Mmea huu una habari yako ambayo sijawahi kukupa."

"Gari nimeliacha linaunguruma."

"Kalizime."

Akaenda, akalizima. Aliporudi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nami nikaendelea kutenganisha mizizi huku nikimsimulia. Ninachoandika hapa ni kilekile nilichomwambia, ila hapa nimepanga vizuri zaidi.

Nilikuwa na miaka saba, Athumani miwili. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita hapahapa Makorora, ukumbi katikati, uani kwa nyuma, na nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili, wewe ndiye unayepiga chafya. Baba alikuwa kazini bandarini muda mwingi. Mama alikaanga vitumbua na kuviuza barazani kila asubuhi. Chumba cha kukabiliana na chetu alikaa Mama Joni, Mlutheri kutoka Lushoto, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyeotesha maua katika kila chombo kilichokosa mwenyewe. Sisi tulikuwa na mmea mmoja tu, mshubiri, ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga lililoshika kutu, chini ya dirisha la jikoni.

Mmea huo mimi niliuogopa, na sababu yake nilikuwa nimeiona kwa macho yangu.

Siku chache baada ya Athumani kuzaliwa, kitovu chake kilidondoka. Kwetu kitovu hakitupwi. Huzikwa, na kilipozikwa ndipo kwao mtu. Ndiyo maana mtu akiganda mahali huulizwa kama hapo ndipo kilipozikwa kitovu chake. Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Mwera kumuuguza mzazi. Asubuhi ile niliamka nikamkuta uani. Mkono mmoja ameshika kitambaa cheupe kilichofungwa fundo, mkono wa pili ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa kinachimba ndani ya kopo la mshubiri. Nilirudi chumbani kwa kunyata. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi sikuuliza. Kazi yangu ya sasa ni kuuliza watu maswali na kuandika wanachojibu, na kosa lile nalikemea kwa vijana kila wiki. Lakini wakati ule niliona kitambaa, nikaona kijiko, nikaona udongo umefukuliwa, nikaunganisha. Hatukuwa na shamba Makorora. Hata mti pekee wa uani ulikuwa wa mwenye nyumba. Bibi angezika wapi kama si kwenye kopo? Tangu siku hiyo, kwa akili yangu, mshubiri ule ulikuwa Athumani.

Miaka miwili nilikaa na siri hiyo bila taabu. Mmea ulinenepa, na mtoto akanenepa. Nilipoona chipukizi, nilitazama kama Athumani ameota jino. Mara moja ilitokea kweli, na ushahidi mmoja wa aina hiyo humtosha mtoto.

Kisha ikaja siku ya kumwachisha. Mama alichukua kisu cha kukatia vitunguu, akakata jani la chini kabisa, nene kama mkono wangu. Utomvu wa njano ulichuruzika kwenye kopo. Nilisimama mlangoni nimejishika shingo. Mama alijipaka, akakaa kitandani, na Athumani akaja mbio kama kawaida yake, akaonja. Sikuwahi kuuona uso kama ule. Hakulia papo hapo. Alimtazama Mama, akalitazama titi, akamtazama tena Mama, kama mtu anayemsubiri mwenzake aseme ni mzaha.

"Limeharibika, baba," Mama alisema. "Titi limeharibika."

Hapo ndipo akalia. Alilia siku ile na siku ya pili, akakataa uji, akakataa wali. Mama alikuwa barazani na vitumbua vyake, na mtoto nikabaki naye mimi. Huruma iliniingia nikashindwa kukaa nayo. Nikakumbuka kikombe cha bati chenye ua jekundu. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye mtungi ndani, na mfuniko wake ulilia kila ulipoguswa, Mama angesikia. Kwa hiyo nikachota kwenye pipa la uani, lililokaa chini ya bati kukinga mvua, ambalo Mama alilitumia kufulia na kupigia deki. Niliondoa viluwiluwi kwa kidole, kwa uangalifu kabisa. Nikatia vijiko viwili vya sukari, nikakoroga. Nusu nilimpa Athumani. Nusu nikaimwagia mshubiri, kwa sababu jani lake limekatwa, na mwenye kidonda anahitaji nguvu.

Athumani alinywa akanyamaza. Nikajua nimepata dawa. Nikafanya hivyo asubuhi, na alasiri nikafanya tena.

Siku ya tatu akaanza kuharisha. Mama akampeleka zahanati, nami nikafuata nyuma nimeshika upindo wa khanga yake. Muuguzi alimpa paketi za unga wa kuchanganya na maji, akamwambia Mama kwamba ndani yake mna chumvi na sukari. Neno lililonifikia ni sukari. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Kumbe dawa yangu ilikuwa ndiyo yenyewe, ila kipimo kidogo! Nikaongeza kikombe cha tatu.

Athumani akakonda. Mashavu yalishuka, macho yakakaa ndani. Na mshubiri nao, mbele ya macho yangu, ukaanza kulegea. Majani yaliyokuwa yamesimama yakalala pembeni mwa kopo, yakawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na rangi ikageuka ya maji machafu. Kwa wengine hayo yalikuwa mambo mawili. Kwangu lilikuwa jambo moja, na lilikuwa linakwisha. Niliacha kucheza. Niliacha hata kwenda kununua barafu za ukwaju. Nilikaa kati ya mlango na kopo, nikiwatazama wote wawili, na kila nilipozidiwa na hofu nilikwenda pipani.

Mama Joni ndiye aliyesema kwanza. "Mama Zuhura, hili kopo limekwisha. Mmea umesongwa, unakula kutu. Kwetu Lushoto ungeshahamishwa mara tatu."

"Kwenu Lushoto udongo mnaokota," Mama alimjibu. Alikuwa amembeba Athumani begani, hana nafasi ya maua.

"Nipe mimi nihamishe. Ni dakika mbili."

"Usiguswe!" nikapiga kelele. Wote wawili wakageuka. Mama Joni akaniuliza kama mshubiri ni wa baba yangu. Nilikuwa nimelikumbatia kopo, na kutu imenichora kifuani.

Mama alipeleka salamu Mwera kwamba mtoto ni mgonjwa, na katika salamu hizo, kwa kuwa Mama Joni alikuwa hajanyamaza, akaongeza kwamba na mshubiri unakufa. Bibi alifika kesho yake mchana. Alivuka na pantoni ya asubuhi pale Pangani, akapanda basi, akaingia na nazi sita na kiroba cha udongo wa shambani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wetu yuko wapi?" Alimwita Athumani mume wake, kama mabibi wote wa huku, na mimi kwa hiyo nilikuwa mke mwenza. Siku nyingine ningemjibu kwamba mume ni wangu, yeye ni mzee. Siku ile nilimwonyesha tu mlango. Alimpakata mtoto muda mrefu, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaitazama inavyorudi polepole. Alimrudishia Mama mtoto, akatoka uani, akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akalivuta kopo.

Ninajua leo kwamba Bibi alikuwa anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono huku akifikiri. Wakati ule niliona amelipindua kopo, analigonga kitako.

Nikaruka. "Msimmwage Athumani!"

Mama Joni akaangua kicheko, akashika mbavu, akaita wapangaji wengine waje wasikie. Mama alitoka na mtoto, hajui acheke au anichape. Bibi peke yake hakucheka.

"Athumani yuko wapi humu?" akaniuliza, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua.

"Kitovu chake. Ulikizika. Nilikuona, na kitambaa cheupe."

Bibi alifikiri kidogo, akatikisa kichwa taratibu. Alichukua ungo mkuukuu, akaumwaga udongo wote juu yake, umelowa chapachapa, unanuka. "Kaa. Tafuta mwenyewe."

Nilikaa nikatafuta. Nilipitisha kila donge kati ya vidole. Nikapata kipande cha mkaa, kifuniko cha soda, shanga moja ya bluu na mnyoo aliyekasirika. Kitambaa hakikuwemo. Nikaanza upya kutoka upande wa pili wa ungo. Hakikuwemo.

"Kitovu nilikwenda nacho Mwera," Bibi alisema. "Kiko nyuma ya jiko langu, na mnazi juu yake umeshanipita magoti. Siku ile nilichimba hapa kutoa mtoto wa mshubiri nikapande kwangu. Kitambaa nilikuwa nimekishika tu. Basi langu lilikuwa linaondoka."

Ningetazamiwa kufurahi. Badala yake niliona aibu, na nyuma ya aibu jambo jingine lilikuwa linakuja ambalo sikulijua jina. Kama mmea si Athumani, mbona wote wawili wanaoza?

Bibi alikuwa ameshaliona kabla yangu. Alikuwa ameinama anatazama chini, mahali kopo lilipokuwa limekaa. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani hadi kwenye alama ya kutu.

"Mvua haijanyesha wiki tatu, na udongo huu unachuruzika," alisema, hamsemeshi mtu. "Na sisimizi. Shubiri na sisimizi wapi na wapi?"

Aliwaambia Mama na Mama Joni waende wakaweke maji ya uji jikoni. Tulipobaki wawili, akaninong'oneza: "Lete kikombe."

Hakusema kipi. Nilikwenda nikakileta. Alitazama ndani, akapitisha kidole kwenye kitako, akaonja.

"Maji ya wapi?"

Nikaonyesha pipa.

"Nusu unampa mshubiri. Na nusu nyingine?"

Nilitazama mlango wa chumba chetu. Nilitazama tu, na kwa Bibi lilikuwa jibu zima. Ningependa kuandika kwamba alinipa mawaidha ambayo nimeishi nayo, lakini alichofanya ni kuvuta pumzi ndefu kwa pua na kukifunika kikombe kifudifudi ardhini, mbali na mimi.

"Nilitaka apone," nikasema.

"Najua, mke mwenzangu." Aliuokota mshubiri, akanionyesha mizizi iliyogeuka kamasi. "Tazama. Huyu hafi kwa kiu. Anakufa kwa huruma."

Kisha akafanya kazi. Alikata sehemu yote iliyooza kwa kisu, akakata tena, akakata mpaka akafika mahali palipo peupe na pagumu, na kilichobaki kilikuwa kama ngumi yenye majani manne. Alikilaza juu ya ukuta mfupi wa jiko, kivulini, bila udongo, bila maji. Akamwita Mama, akamwambia kwamba kuanzia saa ile maji ya mtoto yatachemshwa, paketi za zahanati zitakorogewa humo, na atakayemnywesha ni yeye Bibi, mtu mwingine asiguse. Mama aliuliza kulikoni. Bibi akasema ni masharti yake. Hakusema zaidi siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mama hajui mpaka leo, na akijua kwa kupitia maandishi haya, namwomba radhi akiwa huko Mwera.

"Na wewe," Bibi aliniambia, "kazi yako ni kutompa maji. Kila asubuhi utakuja hapa, utamtazama, utaondoka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kidonda kikauke. Ukimpa maji kikiwa kibichi, unamzika."

Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, na chache zilikuwa ngumu kama ile. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya mmea uliolala uchi ukutani, mikono nimeifunga mgongoni ili isiende yenyewe. Ulionekana umekufa. Ndani, Athumani alikuwa akilia, na mimi siruhusiwi kumpa chochote. Bibi aliniambia naweza kumbeba. Basi nikambeba. Alikuwa mwepesi, ananuka mkojo na dawa, alinipiga kofi moja la uso kwa kutaka kikombe chake chenye ua jekundu, kisha akachoka, akaweka kichwa shingoni mwangu. Asubuhi ya pili kidonda cha mshubiri kilikuwa kimefanya ngozi nyembamba ya kijivu. Nilikigusa kwa ukucha. Hakikutoa maji. Siku hiyo Athumani aliharisha mara mbili tu, nilihesabu.

Asubuhi ya tatu Mama alikuwa barazani anapanga vitumbua kwenye sinia. Nilisikia akipiga ukelele. Tulikimbia wote. Athumani alikuwa ametambaa hadi kwenye sinia, na kitumbua kizima kilikuwa mdomoni, mafuta yanamtiririka kidevuni, anatutazama bila dalili yoyote ya toba.

"Mwizi!" Mama Joni alipiga kelele. "Mwizi amepona!"

Mama alikaa chini palepale, akajifunika uso kwa khanga. Wateja walisubiri.

Siku hiyohiyo Bibi alitafuta chombo. Mama Joni alitaka kutoa kopo lake zuri la rangi. Bibi akachagua sufuria yetu kuukuu iliyotoboka kitako, iliyokuwa ikingoja mtu wa kuziba. "Kwa mchuzi tundu ni hasara," alisema. "Kwa huyu ndilo la maana." Tulitia mkaa uliopondwa chini, kisha udongo wa Mwera, mkavu, wenye mchanga mwingi. Aliniachia mimi niusimamishe mmea. Niliushindilia kwa vidole, nikainuka, nikamtazama.

"Maji?" nikauliza kwa mazoea.

"Wiki ijayo. Kidogo."

Mshubiri ule ulishika. Mwaka uliofuata ulikuwa na watoto wawili pembeni, na watoto wao ndio waliokipasua chungu changu Ijumaa iliyopita.

Nilipomaliza kusimulia, Athumani alikuwa anazungusha funguo kwenye kidole. Nilikuwa nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka thelathini na sasa nilikuwa nangoja hukumu, mtu mzima mwenye udongo hadi viwikoni.

"Viluwiluwi uliondoa?" akauliza.

"Niliondoa."

"Vyote?"

"Nilivyoviona."

"Na sukari vijiko viwili?"

"Viwili."

"Basi ulinipenda, dada. Rehema hunitilia kimoja." Akacheka kile kicheko chake cha tumbo, kisha akaacha ghafla, akautazama ukuta. "Hivi atalia sana? Yule mwanangu?"

"Atalia."

"Nitafanyaje?"

Nilimkatia jani alilolifuata, nikalifunga kwenye gazeti. Kisha nikachagua mtoto mmoja wa mshubiri, mnene, nikausafisha mizizi, nikauweka mkononi mwake bila udongo. Nikampa masharti ya Bibi, neno kwa neno. Ukae kivulini siku tatu, uingie kwenye chombo chenye tundu, na maji usipewe mpaka wiki ipite.

Jumatatu asubuhi akapiga simu.

"Dada, huyu mmea umenywea. Nimtilie maji kidogo?"

"Bado."

"Kijiko kimoja."

"Athumani. Bado."

Nyuma yake nilimsikia mtoto akilia, kilio kile cha kukatika na kuanza upya, ninachokijua kuliko nyimbo zote.

"Umempa nini?" nikauliza, na nadhani sauti yangu ilipanda.

"Sijampa kitu. Wali kaukataa, maji ya kuchemsha kayamwaga. Nimembeba tu, natembea naye hapa uani tangu alfajiri. Lori limelala."

"Basi endelea hivyohivyo," nikamwambia.

Hakukata simu. Nilisikia kandambili zake zikiburuza kwenye saruji, kwenda na kurudi, na kilio kikishuka polepole mpaka zikabaki kandambili peke yake.